Manju wa Mbio: Singeli, Redio za Magendo na Mizani ya Maneno

Msomaji wa jarida hili amezoea kukuta humu habari za tenzi, za sarufi na za maneno ya lahaja. Huenda akashangaa kuona kurasa hizi zikitolewa kwa muziki wa vijana wa mitaani, tena muziki upigwao kwa mbio kiasi cha kumtia mtu mzima kizunguzungu. Sioni sababu ya kuomba radhi. Ngoma yo yote yenye maneno ya Kiswahili ni mali ya uchunguzi wetu, nayo yastahili kupimwa kwa kipimo kile kile tupimiacho shairi: imesema nini, imesema kwa namna gani, na je, namna hiyo yalingana na jambo lisemwalo?

Niliyaanza mawazo haya nikiwa Mamba, wilaya ya Same, katika milima ya Upare wa kusini. Nchi ile ni ya migongo na mabonde, na tangawizi yake yajulikana. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, karibu sawa na jicho la mtu lionavyo. Yakikabiliwa na mlima hayapiti. Kwa hiyo nyumba iliyo juu ya mgongo yaweza kupata kituo ambacho jirani aliye bondeni hakisikii kabisa. Lakini singeli niliisikia mgongoni na bondeni pia. Haikuletwa na mawimbi. Ililetwa na memori kadi, kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, iliyochomekwa katika redio ndogo iliyofungwa kwenye pikipiki iliyobeba magunia ya tangawizi. Kijana mwenye pikipiki aliniambia kuwa nyimbo zake alijaziwa kibandani kwa fedha kidogo. Jina la mwimbaji hakulijua, na katika kadi wimbo ulikuwa na namba tu. Ubeti mmoja wa wimbo ule ulinishika kwa jinsi maneno yake yalivyofungamana. Nilipokwenda safari ya pili, kadi ilikuwa imefutwa na kujazwa nyimbo nyingine. Ubeti ule umepotea, nami sikuuandika. Kosa ni langu, na makala hii ni jitihada ya kulilipa.

Ili tuelewe jambo la namna hii yafaa kwanza tutazame nchi nyingine ambako muziki wa mbio ulikua nje ya mlango wa redio rasmi. Huko Uingereza, mwezi wa Machi 1964, Radio Caroline ilianza kutangaza kutoka katika meli iliyotia nanga nje ya mipaka ya nchi. Kwa kuwa ilikuwa baharini, Waingereza waliiita kwa neno lao lenye maana ya haramia, na neno hilo likabaki hata baada ya sheria ya mwaka 1967 kuzibana meli hizo, na hata vituo vya namna hiyo vilipohamia nchi kavu. Sisi tukitafsiri kwa neno haramia twajitia matatani, maana ndani yake mna haramu, na hukumu imekwisha tolewa kabla ya ushahidi. Naona neno magendo lafaa zaidi. Mtu wa magendo avunja sheria ya mpaka, lakini bidhaa yake yaweza kuwa sukari safi kabisa. Hapa basi nitasema redio za magendo.

Redio za magendo za London katika miaka ya 1990 zilifanya kazi kwa werevu mwingi. Antena ilipandishwa juu ya paa la jengo refu la makazi ya watu. Chumba cha kutangazia kikawekwa mahali pengine. Na viwili hivyo vikaunganishwa kwa mawimbi membamba, ili wakaguzi wa serikali wakiunasa mtambo wasiwanase watangazaji. Kool FM ilianza Hackney mwaka 1991. Rinse FM ilianza mwaka 1994, na ilipewa leseni mwaka 2010, baada ya miaka 16 ya kujificha. Vituo hivi ndivyo vilivyoulea muziki ambao Waingereza wameuita kwa neno la msitu mnene, neno walilolichukua kutoka Bara Hindi. Nasi tutaliandika jangali. Baadaye tawi lake likaitwa dramu na besi, na mwaka 1997 kundi la Roni Size, Reprazent, likatwaa tuzo ya Mercury kwa santuri yake New Forms. Muziki uliofukuzwa juu ya mapaa ukaketi mezani pa waheshimiwa.

Uhunzi wa jangali wahusu hoja yetu. Mwaka 1969 bendi ya Marekani iitwayo The Winstons ilitoa santuri yenye wimbo usioimbwa, Amen, Brother. Katikati yake ala nyingine zanyamaza, na mpiga ngoma Gregory Coleman apiga peke yake kwa sekunde chache tu. Vijana wa London walikikata kipande hicho kwa mashine, wakakiharakisha hadi mapigo kama 160 au 170 kwa dakika, wakakivunja na kukipanga upya kwa njia zisizohesabika. Coleman alifariki mwaka 2006 bila ya kupata malipo kwa kazi ile iliyokuwa imezunguka dunia nzima. Chini ya ngoma hizo za mbio waliweka besi nzito iliyorithiwa kutoka katika rege, nayo aghalabu huenda kwa nusu ya mwendo. Basi katika jangali mna saa mbili zinazogonga pamoja, ya haraka juu na ya pole chini, na mchezaji ana hiari ya kuifuata aipendayo.

Juu ya yote hayo alisimama msemaji. Vijana wa singeli, sawasawa na wale wa London, humwita emsii. Mimi nitamwita manju, neno letu la kale la bingwa wa kuongoza ngoma kwa maneno. Manju wa jangali alirithi ufundi kutoka kwa Wajamaika wa London na vipaza sauti vyao. Tangu mwaka 1984 Smiley Culture alikuwa ametoa wimbo Cockney Translation, ambao ndani yake lugha ya Wajamaika na lahaja ya watu wa London ya mashariki zapokezana kama watu wawili wanaotafsiriana. Mwanaisimu asiyejali muziki hata kidogo angepata katika wimbo huo somo zima juu ya lahaja za mji.

Sasa turudi kwetu. Tanzania haikuwa na desturi ya redio za magendo za juu ya mapaa. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1965 ukawa mikononi mwa serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa muda mrefu bendi iliyotaka kusikika nchini ilipaswa kurekodi huko na nyimbo zake kukaguliwa. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Hata hivyo mlango ulipofunguliwa haukufunguliwa kwa wote. Mchiriku, ngoma ya vitongoji vya Dar es Salaam, yenye kinanda kidogo cha Casio kinacholia kupitia kipaza sauti cha honi, haukupata nafasi kubwa redioni. Ulikwenda kwa kanda, kutoka mkono hadi mkono, na kwa harusi na mikesha. Jagwa Music, kundi la Mwananyamala, lilipiga kwa miaka mingi kabla ya santuri yake Bongo Hotheads kutolewa Ubelgiji mwaka 2012.

Singeli yatoka katika udongo huo huo. Katika Manzese, Tandale, Mburahati na mitaa jirani, mafundi walichukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuviharakisha kwa kompyuta hadi mapigo 200 kwa dakika na kuzidi, mara nyingine karibu 300. Msomaji ataona mara moja undugu wake na jangali: huko sekunde chache za Coleman, huku kipande cha kinanda cha taarabu, pande zote mbili kitu cha kale kimekatwa, kimekimbizwa, na kimezaa kitu kipya. Singeli ilikulia katika mikesha iitwayo vigodoro, ambayo wakuu na polisi wamepata kuipiga marufuku zaidi ya mara moja. Kituo cha E FM cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 2014, ndicho kilichoipa singeli makao redioni, na majina ya Msaga Sumu, Man Fongo na Dulla Makabila yakajulikana nchi nzima.

Kwa hiyo nasema kuwa magendo yetu yalikuwa ya vibebeo, hayakuwa ya mawimbi: kanda kwanza, kadi baadaye. Tofauti hiyo si ndogo. Redio ya magendo ina saa moja kwa msemaji na msikilizaji; mtu apiga simu, na jina lake lasomwa hapo hapo. Kadi haina saa. Manju amsalimu mtu wa mtaa wake aliye mbele yake, amsifu amtunzaye fedha, na salamu hizo zafungwa ndani ya wimbo. Kisha zasafiri hadi Mamba, ambako watu wasiomjua mwenye kusalimiwa huziitikia kwa kuimba. Nimewasikia watoto wakizikariri kama sehemu ya wimbo. Jina la mtu limeacha kuwa jina na kuwa sauti tamu. Hali hii yafanana na ile ya tenzi za kale, ambazo majina ya watu na mahali yaliyomo twayasoma kwa mahadhi ingawa wenyewe hatuwajui.

Wahakiki wa singeli mpaka sasa ni wa namna mbili, na naona wote wameona nusu. Wa kwanza ni wageni. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, kwa jina la studio ya Mburahati, na mwaka uliofuata Poaa ya Bamba Pana. Wasikilizaji wa Ulaya waliistaajabia mbio. Hatuwezi kuwalaumu, asiyejua Kiswahili atasikia nini ila ngoma? Lakini sifa ile imemfanya fundi wa mashine awe msanii, na manju awe kelele ya mapambo. Wa pili ni wetu wenyewe, wasemao kuwa singeli ni matusi. Matusi yamo, wala siyatetei. Hata hivyo taarabu ya mipasho nayo ilishutumiwa vivyo hivyo, na leo twaiandikia tasnifu. Mgeni amesikia mwendo bila maneno. Mwenyeji amesikia maneno machache mabaya, akafunga masikio asisikie yaliyobaki.

Tufanye basi kazi iliyo yetu, tuhesabu. Tuchukue mwendo wa mapigo 200 kwa dakika. Hayo ni mapigo matatu na zaidi kidogo kwa sekunde. Manju akitia silabi mbili katika kila pigo, kipande cha mizani 8 chatimia kwa mapigo manne, yaani sekunde moja na sehemu mbili za kumi. Ubeti wa utenzi wenye mizani 32 utakwisha kabla ya sekunde tano. Silabi zapata kama sita na theluthi mbili kwa sekunde: ni mwendo wa msemaji mwepesi, wala si mwujiza. Lakini mwendo ukifika mapigo 300, silabi mbili kwa pigo ni silabi kumi kwa sekunde, na hapo ulimi wapata shida, na sikio zaidi ya ulimi. Manju mwenye akili afanya nini? Atia silabi moja tu kwa kila pigo, akarudi kwenye silabi tano kwa sekunde, mwendo wa mazungumzo. Afanya kwa maneno yale yale besi ya jangali ifanyavyo kwa sauti nzito: aenda nusu huku ngoma ikikimbia. Kwa hiyo yule asemaye kuwa mbio imeua maneno amechanganya mambo mawili. Mbio ni ya ngoma, na mwendo wa maneno ni hiari ya manju. Akiyakanyaga maneno yake kwa mapigo 300, kosa ni lake. Na akikusudia kuyageuza kuwa ngoma ya mdomo, basi na apimwe kama mpiga ngoma.

Jambo la pili ni mkazo. Mkazo wa Kiswahili wakaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi zetu karibu zote zaishia kwa irabu. Nichukue mfano wangu mwenyewe: Mjini hakuna shamba. Mizani ni 8. Mikazo yaangukia silabi ya 2, ya 5 na ya 7. Tukitia silabi mbili kwa kila pigo tukianzia pigoni, mapigo yaangukia silabi ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7. Mikazo miwili kati ya mitatu yakutana na ngoma, na wa mwisho, ulio muhimu kuliko yote, umo. Tukianza nusu pigo kabla, mapigo yahamia silabi ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8. Mkazo mmoja tu waokoka, na neno shamba lapigwa mwishoni kama neno la kigeni. Ndiyo sababu manju wawili waweza kusema maneno yale yale kwa mwendo ule ule, mmoja akasikika na mwingine asisikike.

Sasa natazama jina la wimbo uliomtangaza Man Fongo mwaka 2016, Hainaga Ushemeji. Mwalimu wa sarufi atalikataa neno la kwanza: Kiswahili sanifu hakina kiishio hicho cha -ga cha kuonyesha mazoea, nacho kimetoka katika lugha za bara, Kisukuma mojawapo. Atataka iandikwe kwa neno huwa. Lakini tuhesabu. Haina ushemeji ni mizani 7. Huwa haina ushemeji ni mizani 9. Hainaga ushemeji ni mizani 8 kamili, kipande halisi cha utenzi, nne na nne. Na mikazo yake yaangukia silabi ya 3 na ya 7, yaani mahali pa pigo kwa mpango ule wa silabi mbili nilioueleza. Sisemi kuwa mtunzi alihesabu kwa vidole. Nasema kuwa sikio lililolelewa katika Kiswahili lilichagua umbo lenye kutosha, na umbo hilo likapatikana katika lugha ya mitaani, ambako Msukuma na Mzaramo hupanga nyumba moja. Tena maana yake ina uzito. Shemeji kwetu ni mtu wa utani na wa heshima pamoja. Kusema kuwa jambo halinaga ushemeji ni kuondoa breki zote mbili kwa neno moja. Huo ni ufupi ambao mshairi ye yote angeuonea wivu.

Nisije nikadhaniwa kuwa nimelewa ngoma, niseme na upungufu. Nyimbo nyingi za singeli nilizozisikiliza hazina jambo. Salamu hufuata salamu, majigambo majigambo, mpaka wimbo wakwisha kwa sababu fundi amezima mashine. Kutunzwa fedha papo kwa papo kwamfanya manju amtazame mwenye noti badala ya kutazama wazo lake. Vina hushikwa kwa ubeti mmoja na kuachwa katika wa pili. Pia jina la mwanamke hutajwa mara nyingi ili atukanwe, na hapo werevu wa ulimi hauondoi ubaya wa neno. Manju bora ni wachache, kama washairi bora walivyo wachache katika kila zama. Lakini hao wachache hawatajulikana ikiwa hakuna aandikaye.

Hapa ndipo redio za magendo za London zina fundisho la mwisho kwetu. Vituo vile vilikuwa kinyume cha sheria, wala havikuweka maktaba. Walioviokoa ni wasikilizaji, waliokaa vyumbani mwao na kutia kanda katika redio zao, wakaandika tarehe juu ya kasha kwa kalamu. Mtafiti wa leo ategemea makasha hayo. Sisi nasi tulipata kufanya hivyo kwa tenzi: J. W. T. Allen alikusanya miswada ambayo leo imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kama angengojea zitangazwe kuwa fasihi ya heshima, nyingine zingeliwa na mchwa. Mchwa wa singeli ni yule mwenye kibanda afutaye kadi ili ajaze nyimbo za juma hili.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mambo matatu. Kwanza, kila mwenye kusikia wimbo wenye jambo aurekodi pamoja na mahali na tarehe. Pili, maneno yaandikwe yote jinsi yalivyosemwa, pamoja na matusi na salamu na kiishio cha -ga, bila ya kusanifishwa. Kazi ya kuchagua itafanywa baadaye na watakaojua zaidi. Tatu, tusikusanye Dar es Salaam peke yake. Mji hufuta upesi. Kadi iliyokwama katika redio ya mwanakijiji yaweza kuhifadhi wimbo ambao mitaa ya Manzese yenyewe imekwisha usahau, kama vile lahaja ya pembezoni ihifadhivyo neno ambalo mji umeliacha.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na mwenye ujuzi zaidi na anikosoe. Ubeti wa Mamba sitaupata tena. Nilichobaki nacho ni kumbukumbu ya pikipiki ikipanda mlima na magunia yake, na sauti ya kijana nisiyemjua, ikiyapanga maneno ya Kiswahili juu ya ngoma ya mbio, kila mkazo mahali pake.